Vizuizi vya oili ndani ya sampu: nani anavihitaji na nani apewe pole

Msomaji wa Mbale ameandika hivi:

"Mzee, habari za kazi. Nina Subaru Impreza yenye injini ya EJ20 ya turbo. Jumatatu hadi Ijumaa inanipeleka kazini, na sasa nataka kuanza kushiriki mbio fupi za murramu kama zile za Busiika. Fundi mmoja wa Ndeeba ananiambia nisithubutu kuingia uwanjani kabla hajanichomelea vizuizi ndani ya sampu, eti bila hivyo injini itanoki kona ya kwanza. Mwingine, mtu mzima aliyefanya kazi na timu za rali, anasema huko ni kulana pesa, Wajapani walishaweka kila kinachohitajika. Nimsikilize nani? Na Premio ya mama watoto, ambayo inapita barabara mbaya kila siku, nayo inahitaji?"

Ndugu yangu, nianze na jibu ndipo nieleze, maana najua hela iko mfukoni inasubiri neno. Premio haihitaji kizuizi chochote zaidi ya ilichotoka nacho kiwandani. Impreza yako, kwa mbio za murramu na matairi ya kawaida, haihitaji kuchomelewa sasa hivi. Inahitaji sampu ishushwe ikaguliwe, na ifungwe geji ya kweli ya presha ya oili. Siku utakapovaa matairi laini ya mashindano ukaingia kwenye lami, fundi wa Ndeeba atakuwa amesema kweli, ila kwa EJ20 hata vizuizi vyake peke yake havitakutosha.

Tuangalie kinachotokea humo ndani. Sampu ni lile karai la chini ya injini linalotunza oili, kwa magari kama yako kiasi cha lita 4 hivi. Ndani yake linashuka bomba lenye chujio mdomoni, na pampu inavuta oili kupitia hapo na kuisukuma kwenye filta, kisha kwenye krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), turbo na silinda hedi (kichwa kinachofunika mwisho wa silinda). Kati ya beringi ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, na krenki yenyewe kuna uwazi mdogo sana, takriban milimita 0.03 hadi 0.06. Injini ikiwa inazunguka, chuma hakigusi chuma. Kinachobeba mzigo wote ni utando wa oili. Sasa pampu haichagui. Mdomo wa bomba ukiwa ndani ya oili, inavuta oili; mdomo ukiachwa wazi, inavuta hewa. Hewa haibebi mzigo. Ukiwa umekanyaga mafuta hadi mwisho, beringi haihitaji dakika nzima ili iharibike, sekunde chache zinatosha, na ukishasikia ule mlio wa kugonga huna tena la kufanya isipokuwa kushusha injini.

Vizuizi ni kuta au mabati yanayowekwa ndani ya sampu, na kazi yake ni moja tu: kuifanya oili ibaki karibu na mdomo wa bomba wakati gari linakata kona, linafunga breki au linaruka. Kwa hiyo kabla ya kuvinunua, jiulize oili yako inasukumwa kwa nguvu gani na kwa muda gani.

Nguvu hiyo inapimika. Uzito unaotuvuta chini kila siku tuuite 1 g. Gari likikata kona ya 0.5 g, uso wa oili unalala kwa nyuzi 27 hivi. Likikata kona ya 1 g, unalala nyuzi 45 kamili. Chukua sampu yenye upana wa sentimita 30: kwenye 0.5 g, oili ya upande wa nje imepanda sentimita 15 juu ya ile ya upande wa ndani. Ndiyo maana watengenezaji wengi huweka mdomo wa bomba karibu na katikati ya sehemu yenye kina, kwa sababu pale katikati kina hakibadiliki upesi kama pembeni. Nguvu ya kona nayo hupanda kwa kasi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, kwa kilomita 40 kwa saa unapata takriban 0.25 g. Kwa 60 unakaribia 0.6. Kwa 80 umefika 1 g. Mwendo umeongezeka mara mbili, nguvu imeongezeka mara nne.

Muda nao una uzito wake. Tuseme pampu yako, injini ikizunguka kwa nguvu, inavuta lita 30 kwa dakika. Hiyo ni nusu lita kila sekunde. Kona ya sekunde moja haisumbui mtu. Kona ndefu ya sekunde nne imeshapeleka lita mbili juu, na oili hiyo hairudi chini papo hapo, inateremka polepole kupitia njia zake huku kona ikiendelea.

Sasa weka Premio kwenye hesabu hiyo. Dereva wa kawaida, hata mwenye haraka, mara chache huzidi 0.4 g, akifika hapo abiria wa nyuma wanaanza kushikilia viti. Watu hunitajia barabara ya Kabale kwenda Kisoro, au ile ya kupanda Kapchorwa, kwa sababu ya kona zake kali. Ni kali kweli, lakini mwendo wake ni mdogo. Kona ya nusu kipenyo cha mita 20 kwa kilomita 30 kwa saa ni 0.35 g, na imekwisha kabla hujahesabu hadi tano. Mteremko wenyewe nao hautishi: mlima wa asilimia 10 unailaza oili chini ya nyuzi 6. Sampu ya kiwandani, ikiwa na oili yake kamili, inayamudu hayo yote bila shida, na hapo mzee wa timu za rali yuko sahihi kabisa. Injini nyingi za kisasa hutoka na bati la kutuliza oili ndani ya sampu au chini ya krenki. EJ20 yako imefungwa lake tangu kiwandani. Wahandisi walilipima kwa matairi ya barabarani na kwa breki za dharura.

Lakini angalia nilivyosema: ikiwa na oili yake kamili. Hapo ndipo injini nyingi za kwetu zinapofia, na hakuna bati litakaloziokoa. Jerikani la maji lililojaa nusu likifungwa kwenye boda boda hucheza na kuyumbisha pikipiki nzima. Lililojaa hadi shingoni hutulia. Oili ni vivyo hivyo. Injini ya 1NZ-FE, ambayo Premio nyingi zinayo, hubeba lita 3.7 pamoja na filta. Ikipungua lita moja na nusu, na injini iliyozeeka hufika hapo bila kuonyesha moshi wa kumshtua mtu, umepoteza karibu asilimia 40, na kilichobaki ndicho kinachokimbia huku na huko kwenye kila raundabauti. Kama Premio ya mama watoto ni ya 1ZZ-FE ya miaka ya mwanzo, kuwa mwangalifu zaidi, maana pistoni za injini hizo zinajulikana kwa kula oili. Kwenye magari mengi, kutoka alama ya chini hadi ya juu ya kijiti cha kupimia ni kama lita moja. Chomoa kijiti kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa mahali tambarare na injini imepoa, ufute, urudishe, uchomoe tena usome. Hakuna kazi ya gereji inayolinda beringi kwa gharama ndogo kama hiyo.

Jambo la pili kwa Premio ni sampu iliyobonyea. Umesema inapita barabara mbaya. Gari la chini likipanda tuta lisilo na kipimo, au likikutana na jiwe katikati ya njia ya murramu, sampu ndiyo inayopigwa. Mwenye gari anachungulia, haoni tone likivuja, anaendelea na safari. Kumbe mdomo wa bomba la kunyonyea unakaa juu ya sakafu ya sampu kwa milimita 6 hadi 10 tu. Bonde la sentimita moja kwa nje ni kilima cha sentimita moja kwa ndani, na kilima hicho kinaweza kuwa kimeziba mdomo huo. Dalili yake ni ya ajabu kidogo: gari likiwa limesimama, injini inanguruma polepole, presha ni nzuri, ukipandisha mizunguko presha inapungua badala ya kupanda, kwa sababu pampu inaomba oili kuliko inayoweza kupita kwenye ule upenyo. Mtu anabadilisha pampu, anabadilisha filta, anaweka oili nzito, na tatizo liko palepale. Sampu iliyobonyea karibu na bomba ishushwe, igongwe kwa ndani hadi irudi umbo lake, au itafutwe nyingine. Kwa Impreza ya mbio weka ngao ya chuma chini yake, yenye nafasi kati yake na sampu ili ikipigwa isiibebe sampu nayo, na yenye tundu la kumwagia oili ili usipate kisingizio cha kuahirisha kubadilisha.

Na silikoni. Hili linaniuma kwa sababu linafanywa na watu wenye nia njema. Fundi anafungua sampu, hana gasketi, anapaka silikoni nene kama siagi kwenye mkate. Akikaza bolti, nusu inatokea nje na anaifuta ikapendeza. Nusu nyingine inaingia ndani, inakauka ikawa nyuzi, inakatika, inaelea hadi kwenye chujio. Nimeshusha sampu ambazo matundu ya chujio yalikuwa yamefunikwa na hizo nyuzi kiasi kwamba ungeuliza oili ilikuwa inapitia wapi. Utepe wa milimita 3 hadi 5 unatosha, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti, juu ya chuma kilichosafishwa hadi kikauka kabisa. Ukiona fundi anaminya tyubu nzima, mzuie hapo hapo kwa adabu.

Turudi kwa Impreza, ambako suala ni gumu zaidi.

Mbio za murramu na mbio za lami haziihangaishi oili kwa namna moja. Kwenye murramu mvutano wa tairi ni mdogo, kati ya 0.4 na 0.7 g kwa kawaida, na gari haliwezi kukata kona kwa nguvu kuliko mvutano wa matairi yake. Hata ukilirusha gari ubavu ubavu na vumbi likafunika watazamaji, oili haijafika nyuzi 45. Kinachosumbua huko ni mambo mengine: kuruka na kutua, ambapo oili yote inapanda juu kugonga krenki kisha inashuka, na breki kali mwisho wa njia iliyonyooka, kisha kona ya ghafla. Fikiria barabara za mashamba ya miwa kama za Kakira: zimenyooka, kisha njia panda ya pembe mraba. Oili inakimbilia mbele kwa breki, kabla haijatulia inatupwa ubavuni. Bati la mlalo juu ya oili linasaidia hapo, nalo EJ unalo tayari. Kuta za ziada zitaongeza usalama kidogo. Sisemi ni kazi bure. Nasema si la kwanza kwenye orodha ya mtu anayeanza.

Kwenye lami yenye matairi laini hali inageuka. Tairi nzuri ya barabarani inashika kwa takriban 0.8 au 0.9 g, ile laini ya mashindano inavuka 1 g, na kona ndefu inaishikilia nguvu hiyo sekunde baada ya sekunde, injini ikiwa kwenye mizunguko mingi. Hapo sampu ya kiwandani imetolewa nje ya kazi iliyoundiwa. Kwa gari la namna hiyo mimi siulizi kama vizuizi vina maana. Nauliza vimetengenezwa vipi. Na angalia: matairi yakibadilika, kila kitu kimebadilika. Mtu anaweka matairi laini kwenye gari ambalo halikuwahi kusumbua, msimu haujaisha injini imekufa, na anailaumu oili.

EJ20 ina tabia mbili ambazo lazima uzijue kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Ya kwanza ni bomba lake la kunyonyea. Injini hizi zinajulikana kwa bomba hilo kupata ufa kwenye maungio yake, kwa mtikisiko wa miaka mingi. Ufa huo ukiwa juu ya usawa wa oili, pampu inanyonya hewa hata sampu ikiwa imejaa na gari likiwa limenyooka. Unaweza kuchomelea kuta kumi, hewa itaendelea kuingia. Gari lako ni la mkono wa pili au wa tatu, halijulikani limepita wapi. Bomba hilo lishushwe, lioshwe, likaguliwe kwa mwanga mkali hasa pale lilipounganishwa na kishikizo chake. Ukilitilia shaka, nunua jipya lililoimarishwa. Fedha hiyo usiionee uchungu.

Ya pili ni umbo la injini yenyewe. Silinda zako zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, na silinda hedi ziko pembeni kabisa. Kwenye kona ndefu ya kushoto, oili iliyopanda kwenye hedi ya kulia inatakiwa irudi katikati, lakini nguvu ya kona inaisukuma ibaki huko nje. Njia yake ya kurudi imekuwa kama mlima. Kila sekunde pampu inapeleka nyingine, na hedi inazidi kujaa huku sampu ikizidi kukauka. Sasa vizuizi vinaweza kushikilia nini? Vinashikilia oili iliyomo ndani ya sampu, na hapo nyingi haimo tena. Ndiyo sababu nilisema kwa EJ kwenye lami vizuizi peke yake havitoshi. Hapo unahitaji sampu yenye ujazo mkubwa zaidi, au tangi la akiba: silinda ya lita 2 hadi 3 inayotunza oili kwa presha ya hewa upande wa nyuma yake, na presha ya injini ikianguka inairudisha yenyewe kwenye mfumo kwa sekunde chache hadi kona iishe. Ni kifaa rahisi, na kina faida nyingine: ukikifungua kabla ya kuwasha injini, beringi zinapata oili kabla krenki haijazunguka.

Kuna pia sampu kavu, ambapo pampu kadhaa zinanyonya oili yote na kuipeleka kwenye tangi la pembeni lililo refu na jembamba. Mercedes-Benz waliweka mfumo huo kwenye 300 SL ya mwaka 1954, na Porsche 911 ilitoka nao tangu mwanzo. Ndiyo dawa kamili. Bei yake kwa gari la kuanzia mbio haifai, tusipoteze muda.

Sasa tuseme umeamua kuweka vizuizi, leo au baadaye. Kizuizi kizuri ni kisanduku kinachozunguka mdomo wa bomba, chenye vilango vyenye bawaba vinavyofunguka kwa kuelekea ndani tu. Oili ikija inavisukuma inaingia. Ikitaka kutoka inavifunga yenyewe. Vilango viwe vinacheza bila kukwama, na viwe na nafasi ndogo pembeni. Juu kuwe na bati lenye matundu ya kutosha, kwa sababu oili inayoteremka kutoka juu lazima ipate njia ya kuingia kwenye kisanduku. Hapa ndipo kazi nyingi za haraka zinapoharibika: fundi anachomelea kuta nne ndefu zisizo na vilango, zenye matundu mawili madogo chini. Gari likisimama oili inajaa vizuri, ukipima kwa kijiti unaridhika. Barabarani pampu inatoa nusu lita kwa sekunde na matundu yanaingiza pungufu ya hapo. Huyo amekutengenezea njaa ya oili hata kwenye barabara iliyonyooka. Kizuizi kibaya kinaua injini ambayo ingeishi bila kizuizi.

Kabla sampu haijafungwa, pimeni nafasi ya mdomo wa bomba. Chukua udongo wa plastiki wa watoto wa shule, bandika kipande chini ya chujio, rudisha sampu mahali pake pamoja na gasketi, kaza bolti chache, kisha ishushe. Udongo umebonyea, ukate kwa wembe upime unene wake. Ukiwa kati ya milimita 6 na 10 uko salama. Bandika kingine juu ya bati, uzungushe krenki kwa mkono mzunguko kamili, uone kama konrodi inagusa. Hatua hii inachukua muda, na fundi anayekuambia haina haja usimwachie injini yako.

Kuchomelea kwenyewe kuna hatari zake. Bati la sampu ni jembamba. Likipata moto mwingi ukingo unapinda na baada ya hapo litavuja daima. Mwambie mchomeleaji, hata akiwa bingwa wa Katwe, aikaze sampu kwa bolti kwenye chuma kinene kilichonyooka, achomelee vipande vifupi vifupi na kuacha ipoe. Chembe za kuchomelea zitolewe zote kwa brashi na kuoshwa. Moja ikibaki itasafiri. Halafu paka chaki upande wa nje wa maungio, mimina mafuta ya taa ndani, uache hadi kesho. Mafuta ya taa hupita pale ambapo maji hayapiti, na chaki itaonyesha doa. Visitumike rivet: zinalegea kwa mtikisiko na kudondokea kwenye chujio. Wala usikubali kujaziwa sponji ndani ya sampu, hata kama umesikia inatumika kwenye matangi ya mafuta ya magari ya mbio. Oili ya moto huimomonyoa, na vipande vyake vinaishia palepale pasipotakiwa.

Wengine watakuambia uongeze oili nusu lita juu ya alama badala ya haya yote. Kwa injini fulani, kwa siku ya mbio tu, inasaidia. Lakini ukizidisha, krenki inaanza kupiga oili na kuitia povu, na oili yenye povu ni oili yenye hewa, yaani umerudi ulikotoka. Ijaze hadi alama ya juu kabisa, isipungue hapo kabla ya kila mzunguko wa mbio, na hiyo itakufikisha mbali.

Nimeiacha geji mwishoni kwa sababu ndiyo itakayoamua ugomvi wa mafundi wako wawili. Taa ya oili ya dashibodi kwa kawaida huwaka presha ikishuka chini ya takriban nusu ya ba (kipimo cha presha). Kwa injini iliyo kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika hiyo si tahadhari, ni taarifa ya msiba. Funga geji yenye sensa ya haraka, pamoja na taa kubwa inayowaka presha ikishuka chini ya ba 1.5 au 2. Kanuni ya zamani ya gereji ni psi 10, yaani karibu ba 0.7, kwa kila mizunguko 1,000, na si sheria ya Musa lakini ni kipimo kizuri cha kuanzia. Dereva hawezi kusoma geji katikati ya kona, basi funga simu au kamera ndogo iirekodi pamoja na sauti ya injini, mkaitazame jioni. Presha ikianguka ndani ya kona au kwenye breki na kurudi ukinyoosha, oili inakimbia: vizuizi vina kazi. Ikiwa chini muda wote, tafuta beringi zilizokwisha, oili iliyokuwa nyepesi kwa joto au isiyo halisi, au chujio lililoziba. Ikiwa imetulia kote, hujakosa kitu.

Kwa hiyo kazi yako ni hii. Kwenye kubadilisha oili kunakokuja, shusha sampu. Kwenye Impreza inabidi kulegeza vishikizo na kuinyanyua injini kidogo, ndiyo maana usikubali kuifanya mara mbili: humo humo kagua bomba, safisha chujio, pima mabonde. Kama pesa inaruhusu, ukiwa umeshafungua, funga kizuizi cha kununuliwa kinachokazwa kwa bolti, maana gharama kubwa ya kazi hii ni mkono wa fundi na umeshaulipia. Kama hairuhusu, funga bila hicho, weka ngao na geji, uende Busiika. Mwambie fundi wa Ndeeba kwamba kazi yake haijakataliwa, inasubiri matairi. Kisha niandikie presha unazoziona kwenye kona za kushoto na za kulia, ukitaja mizunguko ya injini, maana zikitofautiana zitatuonyesha oili inakimbilia upande gani na ukuta uwekwe wapi.